Ujumbe wa mgombea ubunge pale kura zinapokaribiana

Uchaguzi mdogo wa Malava, hapa Kakamega nchini Kenya, uliofanyika tarehe 27 Novemba 2025, uliamuliwa kwa pengo lisilofika kura 1,500 kati ya David Ndakwa wa chama cha UDA, aliyeshinda, na Seth Panyako wa chama cha DAP-K. Eneobunge hilo lina wadi saba, kwa hiyo iwapo watu wapatao mia moja tu katika kila wadi wangehama kutoka upande mmoja hadi mwingine, mshindi angekuwa mwingine. Mbunge hahitaji nusu ya kura na moja zaidi kama rais, wala hakuna duru ya pili. Anayeongoza, hata kwa kura moja, ndiye anayeapishwa.

Tangu wakati huo nimekuwa nikiwaza jinsi wagombea wa huku kwetu wanavyotumia maneno yao, kwa sababu mengi wanayoyasema jukwaani huwafikia watu waliokwisha kuamua. Kumsifu au kumshambulia kinara wa kitaifa huamsha vifijo, lakini anayeshangilia angekupigia kura hata ungenyamaza. Anayeamua matokeo yuko pembeni mwa umati, au hakuja kabisa, kwa kuwa haoni mjumbe yeyote atakayembadilishia chochote.

Katika mkutano mmoja niliohudhuria, mzee mmoja alisimama akakunjua karatasi ya malipo ya miwa yake. Aliisoma mstari kwa mstari: makato ya kulima kwa trekta, mbolea, uvunaji, usafirishaji, kisha kiasi kilichosalia, ambacho alisema hakitoshi karo ya mtoto mmoja. Mgombea alimshukuru, akarejea kwenye ugomvi wa vyama. Niliona wanawake wawili waliokuwa wamekaa mbele wakinyanyuka na kuondoka, nami sikuwalaumu, kwa maana karatasi ile ilikuwa ndiyo kampeni yenyewe: kila boma la wakulima wa miwa linayo ya namna hiyo, na mtu akisikia makato yake yanatajwa kwa majina yao, atawasimulia jirani zake jioni hiyo hiyo bila kulipwa na yeyote.

Hata hivyo, ni lazima ahadi ilingane na kazi. Kifungu cha 95 cha Katiba kinalipatia Bunge la Taifa jukumu la kuwakilisha wananchi, kutunga sheria, kugawa fedha na kusimamia serikali, na hakuna mahali panapomwezesha mbunge kupanga bei ya miwa peke yake. Anachoweza kusema kwa ukweli ni kwamba Sheria ya Sukari ya 2024, iliyorejesha Bodi ya Sukari na ushuru wa asilimia 4, ilipitia bungeni, na kwamba yeye atadai ielezwe fedha za ushuru huo zimefika wapi na makato ya mkulima yanakaguliwa na nani. Ahadi hiyo ni ndogo kuliko ile ya kiwanda kipya, lakini naamini mpigakura aliyedanganywa mara nyingi huipima kwa makini zaidi. Basari, yaani msaada wa karo, nayo itajwe, ila kila mgombea huitaja, hivyo haimtofautishi yeyote.

Kuhusu matusi ya mpinzani, ushauri wangu ni kujibu uongo unaogusa uadilifu mara moja, kwa ushahidi, na kuyaacha mengine. Kila siku inayotumika kujibu ni siku ambayo mpinzani ndiye amechagua mada.

Katika wiki ya mwisho, kabla ya uchaguzi mkuu wa 10 Agosti 2027, ningependa kuona pesa za magari ya vipaza sauti zikipunguzwa na kupelekwa kwa watu wanaoaminika katika kila kituo cha kura: mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa chama cha akina mama, kijana wa steji ya boda boda. Hao wapewe jambo lile lile moja la kusema, nyumba kwa nyumba, wakianzia vijiji ambavyo mgombea anapendwa lakini watu wengi hubaki nyumbani siku ya kura.