Zamu yangu sasa iko sebuleni

Saa 11 na nusu alfajiri. Mwili bado haujaambiwa kwamba niliacha wodi. Miaka 11 saa hizi nilikuwa nasukuma toroli la dawa, nikiwahi kumaliza kabla ya kukabidhi zamu. Leo nimeamshwa na adhana za Chikongola, hapa Mtwara, nikageuka taratibu, kwanza mabega halafu kiuno. Mgongo ndio ulionitoa. Wodi ya majeruhi, manesi wawili usiku mzima, na kila aliyevunjika paja lazima ageuzwe asitoke vidonda. Siku niliyoshuka ngazi nimeshika ukuta kama bibi wa miaka 80, nilianza kuulizia: nesi asiyeweza kuinua mgonjwa anakula wapi?

Saa 1. Chai, muhogo wa kuchemsha, mtoto shule. Hapa hapana jipya.

Saa 2. Nafunga mlango, nafungua kompyuta. Kuna kampuni Dar es Salaam inayonilipa kuhakiki madai ya bima: hospitali zinaleta fomu, mimi natazama kama ugonjwa, vipimo na dawa vinaongea lugha moja. Kila ugonjwa una msimbo wa Shirika la Afya Duniani. I10 ni presha, E11 ni kisukari aina ya pili, B54 ni malaria ambayo aina yake haikubainishwa. Nilianza na fomu 20 kwa siku, macho yakivuja machozi. Sasa nafika 60.

Asubuhi hii nimekutana na mzee wa miaka 67 aliyeandikiwa O80. Nimecheka peke yangu mpaka kuku wamekimbia dirishani. O80 ni kujifungua kawaida. Ni kidole cha karani tu kilichoteleza, lakini fomu inayofuata haikuwa ya kucheka: sindano za malaria kali siku tatu, na kipimo kimeandikwa hasi. Hapo ndipo wodi inaponilipa. Mhasibu angeona jumla imekaa sawa akapitisha. Mimi najua nani huandika nini saa nane usiku akiwa amechoka, na najua tofauti ya uchovu na ujanja. Hiyo nimeirudisha na swali.

Mlango naufunga kwa sababu majina ya watu yamejaa kwenye kioo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haina utani, na jirani yangu hana haya ya kuchungulia.

Saa 4 na nusu. Umeme umekatika. Gesi inachimbwa Msimbati, hapo tu, nasi tuko gizani. Wana Mtwara wenzangu mnajua tunavyoguna. Betri ina saa mbili. Afadhali hii kuliko Mei 2024, nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipokatika, nikakaa bila kipato kama mvuvi asiye na nyavu. Asiye na akiba ya mwezi mmoja asiiguse kazi hii.

Saa 6. Zamu ya simu. Kituo kimoja cha binafsi kinanilipa kwa saa kufuatilia wagonjwa wa kisukari, presha na wajawazito. Naanza na mzee wa Tandahimba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Sukari leo 14."

Novemba hii, mabibo yamejaa chini ya mikorosho. Namuuliza uraka, pombe ya mabibo.

"Kidogo tu mwanangu, wa kuonja."

Wa kuonja! Tumejadiliana robo saa. Hajaniahidi kuacha, ameniahidi kopo dogo, nami nimeandika hivyo hivyo alivyosema. Wengine Kiswahili chao kinaishia kwenye salamu, tunahamia Kimakonde, na hapo ndipo ukweli unapotoka.

Saa 7 na dakika 10. Mama mdogo wa Newala, mimba ya miezi minane. Nilipiga kumkumbusha kliniki. Akasema, "Dada nesi, kichwa kinaniuma tangu jana, na naona nyotanyota." Uso? Umevimba. Sikuendelea na dodoso. Nikaomba simu apewe mumewe, nikamwambia apige 115, namba ya bure ya m-mama ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, kisha anipigie. Nikakaa nimeshika simu. Wodini ningekuwa nimeshapima presha na kutafuta mshipa. Huku mikono haina kazi. Hilo sikuambiwa na mtu wakati naacha, na ndilo gumu kuliko mgongo. Saa 8 kasoro akapiga: gari limefika. Nikampigia nesi wa kituoni anakopelekwa, nikamkabidhi mgonjwa kama zamani, jina, umri, wiki, dalili.

Sikula mchana. Nilinunua ming'oko, mizizi ya porini, ya mtoto aliyepita na beseni, na pilipili chumvi yake, nikala nimesimama.

Saa 10 jioni. Saa moja ya kusoma. Najiandaa na mtihani wa CPC, cheti cha Marekani cha kuandika misimbo ya matibabu. Kule kitabu chao kina misimbo zaidi ya 70,000. Nimechagua njia hii baada ya kugundua kwamba kuwashauri wagonjwa wa Marekani kwa simu kunataka leseni ya kule, na kabla yake mtihani wa manesi wa NCLEX. Kabla sijalijua hilo, "wakala" mmoja wa mtandaoni alinila 150,000 akisema ni ada ya kuniandikisha. Akapotea na namba yake. Mwajiri anayedai hela ya kuingia kazini ni mwizi, hata akiwa na nembo nzuri.

Saa 12. Ujumbe kutoka kituoni Newala: mama amelazwa, presha 160 kwa 110, ameanzishiwa dawa. Sasa nikaweza kwenda sokoni.

Saa 3 usiku. Wifi yangu, yuko zamu ya usiku, ananiandikia: "Wifi, hiyo kazi yako wanachukua hata wa cheti?" Kazi ya simu wanachukua, nikamjibu, ya madai inataka uzoefu wa kusoma mafaili, nao anao. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga asiiache ife, ndiyo wanayoiuliza kwanza. Akauliza aandike barua ya kuacha kazi lini. Nikamwambia aje Jumamosi tukae na kompyuta, tujaribu fomu kumi, na barua aiache kwanza.