"Han er meget rolig"

Novemba 2011 tulihama Malmö, Sweden, kwenda Copenhagen, Denmark. Kati ya miji hiyo kuna daraja la Öresund tu, treni dakika 35 hivi, nikaamini Kiswidi changu kitatusogeza mpaka tuzoee Kidenmaki. Mwanangu alikuwa na miaka 4.

Wiki ya pili nilipokwenda kumchukua chekechea, nilimuuliza mwalimu mtoto anaendeleaje. "Han er meget rolig," akasema, yaani yeye ni rolig sana. Moyo wangu ukatua. Kwa Kiswidi, mtu aliye rolig anachekesha, anachangamsha wenzake. Usiku nikampigia mama simu Tanga: "Mama, mjukuu wako anawachekesha wote huku!"

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu, mama wa Kiaisilandi aliyewahi kuishi Gothenburg, Sweden. Nilipomsimulia, aliweka kikombe chini. "Kwa Kidenmaki, rolig ni mtulivu. Hata kwetu, rólegur ni mtulivu." Akageuza bahasha, akaandika: ró. Hilo ni neno la Kinorse cha kale, lugha iliyozaa lugha hizi zote, maana yake utulivu, na sifa ikazaliwa humo kama -tulivu ilivyotoka kwenye tulia. Ni Waswidi waliolihamisha, kutoka raha ya kupumzika hadi raha ya kucheka. Akaendelea kupanga: rólegur kwa mvulana, róleg kwa msichana, rólegt kwa barn, yaani mtoto. Wadenmaki na Waswidi husema et au ett roligt barn. Wanorwe hawaongezi ile t, kwao ni et rolig barn. Kwa sisi tuliokua na mtoto mtulivu, watoto watulivu, bahari tulivu, upatanisho wa namna hiyo si mgeni, na siku nyingine ningekesha naye mezani. Siku ile nilikuwa namwaza mwanangu tu. Wiki mbili nzima, kimya!

Nilimuuliza akiwa kitandani, "Unacheza na nani, baba?"

"Nakaa dirishani. Naangalia baiskeli."

Asubuhi nilifika kabla ya wazazi wengine. Kidenmaki cha kueleza sikuwa nacho, nikasema kwa Kiswidi: "Jag är orolig." Nina wasiwasi. Wao husema urolig. Neno lilipokanushwa, halikuwa limetuacha mbali. Mwalimu alinitazama usoni, akanishika mkono, akavuta viti viwili vya watoto hadi kwenye lile dirisha.