Kiwewe cha mwenye haiba ya bodalaini: nilivyoacha kusubiri

Nilipoanza kuhudumia wagonjwa wa akili hapa Mtwara niliusiwa: mwenye haiba ya bodalaini (ugonjwa wa hisia kali zinazobadilika ghafla, mara nyingi na kujiumiza) usimguse kumbukumbu za kiwewe (jeraha la akili lililoachwa na tukio la kutisha), atajiua, haiba ipone kwanza. Nikatii, na hadi leo ushauri ule unaniudhi. Majinamizi na mishtuko ndiyo iliyokuwa ikiwapeleka kwenye wembe, nasi tukingoja waache wembe ndipo tutibu majinamizi.

Niliyoifuata baadaye ni njia ya mwanasaikolojia Mmarekani Melanie Harned, aliyeunganisha tiba ya Marsha Linehan ya kutawala hisia na ile ya Edna Foa ya kuikabili kumbukumbu. Sharti lake: mgonjwa atimize walau miezi 2 bila kujikata wala kujaribu kujiua. Akiteleza katikati, kumbukumbu inawekwa kando, tunarudi kwenye usalama wake.

Kikao ni dakika 90. Anafumba macho na kulisimulia tukio kana kwamba linatokea sasa, dakika 30 hadi 45, simu yake ikirekodi ili asikilize kila siku nyumbani. Awe na spika za masikioni. Nyumba za kupanga kuta hazisitiri.

Kwenye kufumba macho ndipo nilipokosea. Sauti ya mgonjwa mmoja ilififia, uso ukaganda, nikauliza hofu imefika ngapi kati ya 0 na 100, nikajibiwa 20. Nikafurahi kwamba anatulia. Kumbe hakuwapo chumbani! Akili ilikuwa imejizima, na akili iliyozima haijifunzi kwamba hatari imepita. Siku hizi dalili hiyo ikianza namsimamisha, macho wazi, miguu peku kwenye saruji, asimulie kama jambo lililopita. Mkononi namtia barafu, ya mia mbili tatu hivi kwa wauza samaki, au ndimu iliyokatwa ainuse. Kila dakika chache nauliza: leo lini, hapa wapi? Akijibu “Jumanne, Mtwara”, tunaendelea.

Diazepamu ya kumtuliza kabla ya kikao, hapana. Inafunika hofu ileile tunayotaka aizoee, na Shirika la Afya Duniani halishauri dawa za kundi hilo kwa kiwewe.

Jingine ni kalenda. Mtu wa Newala au Tandahimba simwanzishi kumbukumbu Oktoba. Korosho zikianza kudondoka atakwenda shamba, na kumbukumbu iliyofunguliwa nusu humsumbua kuliko isiyoguswa. Hadi Desemba tunafanya mazoezi ya kujituliza tu. Kumbukumbu tunaifungua Januari.