Daftari la darasa la kwanza

Jioni nikirudi kutoka shambani, hapa Newala, kazi yangu ya kwanza ni kulifungua daftari la binti yangu wa darasa la kwanza. Mtaala wa mwaka 2015 uliyaelekeza madarasa mawili ya mwanzo kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mimi niliyekaririshwa majina ya herufi nilistaajabu kuona kwamba yeye huanza na sauti: hutamka m, huiunganisha na a, hupata ma, kisha huirudia silabi hiyo likawa neno mama.

Juzi aliandika "lafiki" badala ya "rafiki", kosa tunalolifahamu vizuri sisi tuliokulia katika Kimakonde (baba yake hulifanya hadi leo). Mwalimu hakumkaripia, bali alimwandikia la na ra, mistari miwili, aifuatishe.

Kuhesabu tunafanya kwa korosho, ila zilizopasuka ganda nazitenga kwa sababu mafuta yake huunguza ngozi. Alipofika 13, alitia korosho kumi mfukoni, akaacha tatu mkekani, akaigusa tarakimu ya kushoto: "Mama, hii moja ndiyo mfuko."