Nilivyopata upepo wa kupepetea maharage

Mwaka wangu wa kwanza kuolewa Kibosho, juu ya Moshi, nilimwagia mama mkwe makapi ya maharage kwenye sufuria ya mtori. Mchana upepo ulikuwa ukielekea mlimani, nikasimama upande wa juu wa jiko nikijua makapi yatapanda huko. Nikachelewa kuanza. Jua lilipozama tu, upepo ukageuka. Mama hakugomba, alisema tu kwamba ningepiga mluzi kuuita.

Usiku nikakumbuka kwetu Tanga. Mchana upepo hutoka baharini, alfajiri hutoka bara, na wavuvi hupanga safari kwa hilo. Shuleni tulifundishwa sababu: kwa sehemu kubwa jua hupasha ardhi, kisha ardhi ndiyo hupasha hewa iliyoilalia. Hewa ikipata joto hutanuka, huwa nyepesi, hupanda. Mgandamizo pale chini hupungua, na hewa nzito ya jirani huja kujaza. Huko kuja ndiko upepo. Nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji, basi mchana hewa hutoka kwenye maji.

Hapa bahari hakuna, lakini kuna mlima Kilimanjaro wa mita 5,895. Mteremko ukichomwa na jua, hewa yake hupata joto kuliko hewa ya kimo hichohicho inayoelea juu ya tambarare, ikaanza kukwea. Hubeba na unyevu, ndiyo maana Kibo, kilele chake, mara nyingi huwa wazi asubuhi na mchana hujifunika. Usiku mteremko hupoa haraka, hewa ikawa nzito, ikateremka kama maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia.

Siku tatu nikachunguza moshi wa jikoni. Saa moja asubuhi ulilalia upande wa mjini. Saa nne ulisimama wima, haujaamua. Saa nane ulilala wote kuelekea mlimani. Nikatandika turubai saa nane, nikainua ungo usawa wa kichwa, na gunia mbili zikaisha kabla ya saa kumi na moja.

Mwezi wa Saba, siku za mawingu mazito, mteremko haupati joto la kutosha na moshi hautabiriki. Siku hizo napeta taratibu kwa ungo, mikono inauma.

Mama bado anapiga mluzi. Simbishii, mradi apige saa nane.