Kurudia mashine pepe ileile kwa kila jaribio

Kwa majaribio ya programu kwenye KVM (mfumo wa Linux wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta), nina diski moja ya msingi yenye Linux na vifurushi vyote. Juu yake naweka tabaka la kuandikia:

qemu-img create -f qcow2 -b msingi.qcow2 -F qcow2 jaribio.qcow2

Tabaka jipya huwa na takribani KB 200 tu, maana hubeba mabadiliko peke yake. Usiache -F, inayotaja aina ya faili ya msingi: tangu toleo la 6.1 la QEMU, programu inayoendesha mashine hizi, amri hiyo hukataliwa bila hiyo. Msingi wenyewe usiwashwe tena: ukibadilika, matabaka yote yaliyo juu yake huharibika. Kabla ya kuufunga, mwaga yaliyomo kwenye /etc/machine-id ili faili ibaki tupu, la sivyo mashine mbili zinaweza kupewa anwani moja ya IP na DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao.

Kama jaribio linastahimili kusubiri mashine iwake, futa tabaka, unda jingine, basi. Mimi hutaka kuruka hatua ya kuwaka, kwa hiyo nahifadhi hali nzima, pamoja na kumbukumbu:

virsh snapshot-create-as mashine safi

Hapo "mashine" ni jina la mashine pepe, na "safi" ni jina la hali iliyohifadhiwa. Naihifadhi huduma za mfumo zikiwa zimeshaamka, lakini programu ninayoijaribu haijaanzishwa. Hapo ndipo wengi hukosea. Programu iliyogandishwa ikiwa inakimbia huamka na miunganisho ya hifadhidata iliyokwisha kufa, na mbegu yake ya namba nasibu ni ileile kila mara, kwa hiyo inaweza kutoa tokeni zilezile. Kerneli, yaani kiini cha Linux, inaweza kujirekebisha, programu yako haiwezi.

Ili kerneli ijue imerudishwa nyuma, ongeza <genid/> (kitambulisho kinachobadilika mashine ikirudishwa nyuma) kwenye XML ya mashine, yaani faili ya mipangilio yake. Ndani ya mashine iwe Linux 5.18 au ya baadaye. Kitambulisho hicho hakibadilishwi mashine ikiwa inakimbia, hivyo nazima kwanza:

virsh destroy mashine
virsh snapshot-revert mashine safi
virsh domtime mashine --now

Neno destroy linatisha, ila huzima tu, diski haiguswi. Amri ya mwisho inahitaji qemu-guest-agent ndani ya mashine. Bila hiyo saa hubaki nyuma, na vyeti vya TLS (vya usalama wa mawasiliano) vilivyotolewa karibuni hukataliwa kana kwamba muda wake haujaanza.

Kisha angalia dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli. Ukiona "crng reseeded due to virtual machine fork", yaani kerneli imepata mbegu mpya ya namba nasibu, anzisha programu.