Leya Nyekundu

"Mama, mbona huyu dada ana nyuso mbili?"

Nilikuwa napunguza mafaili kwenye diski ya zamani, binti yangu kaniegemea begani, na faili lile nililifungua kwa sababu jina lake lilinichekesha: mwisho_kabisa_kweli_sasa. Wachoraji wenzangu mnajua kwamba faili lenye jina la namna hiyo halikuwa mwisho wa chochote. Lilipofunguka, leya nyekundu ilikuwa imewashwa, leya yaani tabaka la mchoro linalokaa juu ya jingine kama karatasi ya kuona. Nikamwambia uso mmoja ni wangu, mwingine ni wa mjomba fulani. Akauliza, "Upi mzuri?" Nikamtuma akaniletee maji.

Mjomba mwenyewe ni yule kaka wa mapanga, mchoraji mwenzangu anayechora wasichana wenye mapanga. Mlionisoma huko nyuma mnamfahamu.

Siku zile nilikuwa nachora msichana mmoja tu, kila siku yeye. Nywele fupi, kola ya koti imesimama, uso wa robo tatu, yaani si wa mbele kabisa wala si wa pembeni, ukitazama kushoto. Kila mara kushoto, maana anayeshika kalamu kwa mkono wa kulia huona uso unaotazama kushoto unakuja wenyewe. Mikono ilikuwa mfukoni daima. Aliyewahi kujaribu kuchora vidole hatauliza kwa nini.

Tulikubaliana kubadilishana kazi. Yeye anikosoe, nami nimkosoe, na ilikuwa marufuku kuandika "nzuri sana", kwa sababu neno hilo halimwambii mtu aguse wapi kesho. Nilipomtumia faili hakulifungua mara moja. Aliuliza kwanza: "Umemaliza, au bado unajenga?" Nikasema bado najenga. Nilidhani ni adabu tu. Kumbe lilikuwa swali la fundi. Ningesema nimemaliza angegusa kivuli na rangi, basi. Anayejenga unaweza kumwonyesha mifupa, na yeye aliijia mifupa.

Faili lilirudi usiku. Juu ya leya zangu zote kulikuwa na moja mpya, na jina lake lilikuwa "samahani".

Kwanza niliona wekundu tu. Duara kubwa kichwani limekatwa pembeni, mstari wa katikati ya uso umepinda kuufuata mviringo, na mstari wa macho unaukata. Ni ile njia ya Andrew Loomis, Mmarekani yule ambaye kila anayejifunza kuchora kichwa hukutana naye mapema na kumwacha mapema, kwa haraka ya kufika kwenye macho. Pembeni palikuwa na maneno kwa mwandiko wa kalamu inayoteleza. "Fuvu liko wapi, dada?" na mshale ukichoma kisogoni. "Nywele zinaota kichwani, hazivaliwi kama kofia." "Jicho hili limetoka nje ya uso."

Jicho la mbali, hilo. Lilikuwa sawa kabisa na la karibu, upana kwa upana, mng'ao kwa mng'ao. Nililipenda la kwanza nikalinakili, nikaligeuza, nikalibandika. Sasa uso ukigeuka robo tatu, jicho la upande wa mbali hujibana. Linaufuata mzunguko wa fuvu, na nafasi kati yake na mzizi wa pua inafupika. Kwenye mchoro wenye pua kamili na mashavu yenye nyama, jicho pana kidogo linaweza kupita bila kuulizwa. Kwenye anime, katuni za Kijapani, pua ni nukta, shavu ni mstari mmoja, na macho ndiyo yamebeba kazi yote. Hakuna kichaka cha kujificha.

Leya ina alama ndogo ya jicho pembeni. Ukiibofya leya inapotea, ukiibofya tena inarudi, na mchoro ulio chini haujaguswa. Nikabofya. Msichana wangu akarudi, yule ninayemjua. Nikabofya, akaja yule mwekundu mwenye kisogo cha kutosha kubeba ubongo. Wangu. Wake. Wangu. Wake. Sijui nilikaa hapo muda gani, lakini skrini ilijaribu kuzima na ikabidi nitikise kalamu.

Katika kubofya kule macho yalianza kuzoea, na ndipo yalipoanza kuona. Kwanza lilinijia lile la fuvu. Leya ikiwa imezimwa, kichwa changu kilikuwa uso uliobandikwa kwenye nywele, nyuma hakuna kitu. Nikaona na sikuweza tena kutokuona. Halafu jicho. Kila nilipowasha, jicho lilijibana kidogo na uso mzima ukageuka kweli, ukaacha kuwa kibandiko. Hapo nilitabasamu peke yangu. Kuna raha fulani ya kukosolewa sawasawa ambayo watu hawaisemi sana, pengine kwa kuwa huja baada ya uchungu wake na wengi wanakuwa wameshafunga faili.

Kisha taya. Taya lake lilikuwa jembamba zaidi, limechongoka kuelekea kidevuni. Lilikuwa zuri, nami nililifahamu. Ni taya la wasichana wake wote wa mapanga. Nikazima, nikawasha. Ndiyo, lilelile.

Mwisho mdomo, na mdomo nusura nisiuone, kwa sababu badiliko lilikuwa dogo sana. Mimi nilikuwa nimeinua kona moja, ya upande wa karibu, kidogo tu. Yeye aliuweka mdomo mahali unapostahili, ukiukata mstari wa katikati kwa haki, kona zote mbili sawa. Kimaumbile alikuwa sahihi. Nikazima: msichana alikuwa karibu kutamka jambo la kuudhi. Nikawasha: alikuwa mrembo zaidi, na hakuwa na la kusema.

Nikarudia tena na tena kuhakikisha kwamba si kiburi changu. Bado sina hakika.

Baadaye nilijifunza kwamba kuchora juu ya mchoro wa mtu si ujeuri wa kaka huyu. Katika studio za anime za Japani ni kazi yenye cheo. Kuna msimamizi wa michoro, wanamwita sakuga kantoku, ambaye huchukua michoro ya wengine, akaweka juu yake karatasi nyepesi, mara nyingi ya manjano, na kuchora upya pale panapohitaji. Hafanyi hivyo kuonyesha ubingwa. Kipindi kimoja hupita kwenye mikono ya watu wengi, na mtazamaji nyumbani asijue kwamba uso wa dakika ya kwanza na wa dakika ya kumi umechorwa na watu tofauti. Kwa hiyo mkono wa mchoraji unafutwa makusudi, wala hakuna anayeapa kwamba ametukanwa.

Ila msimamizi yule ana kipimo mezani. Kuna michoro ya mfano, settei, inayomwonyesha mhusika mbele, pembeni na nyuma, akicheka, akikasirika, na urefu wake akisimama na wenzake. Mzozo ukizuka kuhusu taya, mnafungua settei mnaangalia. Msichana wangu hakuwa na settei. Alikuwa nayo kichwani mwangu, na kaka hakuwahi kuingia humo. Akatumia aliyokuwa nayo, ya kwake. Angetumia ya nani?

Kwa fuvu ni tofauti. Fuvu lina settei yake ambayo kila mtu anatembea nayo, na ukipinga unaweza kujipapasa kisogo. Jicho la mbali pia. Lakini mdomo ulioinuka upande mmoja unapimwa kwa nini?

Najua hoja hii inakoelekea, na simpendi jirani anayeishi huko. Ni yule anayejibu kila kitu kwa "ni staili yangu." Mikono yote miwili ni ya kushoto: ni staili yangu. Mwanga unatoka kulia, kivuli cha pua nacho kiko kulia: ni staili yangu. Nimewasikia wengi, na mara nyingi staili yao ilikuwa ile sehemu ambayo hawajajifunza. Kwa hiyo nikisema mdomo ule ulikuwa wangu, najiona nimesimama kwenye foleni yao, nasubiri zamu.

Nikaufanyia jaribio ambalo halina urafiki. Niligeuza mchoro kushoto-kulia. Kila programu ya kuchora ina kitufe hicho, hata Krita ambayo ni ya bure, na kazi yake ni ukatili: macho yaliyouzoea mchoro yanapokonywa mazoea, na kila kilichoegemea upande mmoja kinaegemea mara mbili. Fuvu jipya likasimama. Jicho likasimama. Mdomo wangu ukaonekana umeteguka.

Nikaurudisha upande wake wa zamani. Nikachukua fuvu lake na jicho lake, taya nikaligawa nusu kwa nusu, mdomo nikauacha kama ulivyokuwa. Nikamwandikia shukrani ndefu ambayo haikuutaja mdomo. Yeye naye hakuutaja, ingawa mtu wa jicho lile hawezi kuwa hakuuona.

Ikawa zamu yangu.

Mchoro wake ulikuwa umekwisha kupakwa rangi, vivuli vyenye ukingo mkali kama anime inavyotaka, kila kimoja kimeegemea zambarau badala ya kuwa kijivu kilichokufa. Msichana, upanga mrefu kuliko yeye, mkanda unaoubeba umepita juu ya bega la kulia. Nikamuuliza swali lake mwenyewe, umemaliza au bado unajenga. Akasema, "Jenga tu, dada, usiniogope." Nilihangaika kutafuta pa kugusa. Rangi ilikuwa safi. Mistari ilinenepa ilipobeba uzito na kukonda ilipokutana na mwanga. Niliuangalia mchoro kwa kijivu kitupu nione kama giza na mwanga vinajitegemea bila rangi, navyo vilijitegemea. Hata vidole, jamani, vilikuwa vitano na vilikuwa na sababu.

Ila bega lile la mkanda lilikuwa limeshuka.

Nikafungua leya, nikachagua bluu kwa kuwa nyekundu ilikuwa yake, nikalipandisha. Nikaandika pembeni kwamba mtu mwenye mkanda begani hulinyanyua bega hilo bila kujua, ili mkanda usiteleze. Nilikuwa nimejaribu. Nilivaa mkoba, nikasimama mbele ya kioo, nikaliona bega langu likipanda lenyewe. Leya nikaiita "samahani sana".

Jibu lake lilikuwa refu kuliko ukosoaji wake wote kwangu. Huyu, alisema, amebeba upanga ule tangu utotoni. Uzito wa miaka unashusha, haupandishi. Bega lile ni historia yake, na mimi nimemnyoosha akawa msichana yeyote.

Nikalisoma jibu hilo huku nikikumbuka mdomo. Nilitaka kumwandikia, unaona sasa? Sikuandika, kwa sababu kulikuwa na tatizo: mimi nilikuwa na kioo. Yeye alikuwa na hadithi, na hadithi haikuwa kwenye mchoro. Anayeuona mchoro haambiwi habari za utoto wa mtu. Haoni kovu la mkanda wala kitambaa kilicholika pale unapopita, anaona bega moja chini, basi, na anadhani mchoraji amepitiwa. Nikamwambia hivyo kwa upole. Kama ni historia, ichore basi, weka huo mkanda uliolika. Akajibu kwamba si kila kitu lazima kielezwe. Nikajibu kwamba uzito unaoning'inia mkononi ndio unaoshusha bega, mkanda unapandisha. Akaniuliza kama nimewahi kubeba upanga kwa miaka.

Mtu wa tatu angesema sote wawili tulikuwa tunasema jambo lilelile, kila mmoja kuhusu mchoro wake. Inawezekana. Lakini mdomo wa msichana wangu ulionyesha kitu ambacho mtu aliweza kukiona, hata akiona kimekosewa. Bega lake halikuonyesha chochote mpaka yeye mwenyewe aje kulitetea. Au ndivyo ninavyopenda kupanga mambo, ili mimi niwe upande wa haki mara zote mbili.

Hakulibadilisha. Kinyume chake, tangu siku ile kila anapochora mtu mwenye mkanda begani, bega analishusha zaidi, makusudi, halafu ananitumia faili bila neno lolote. Nami namrudishia na leya ya bluu.